Mjomba, Si Wewe Uliyemkosa Mamba

Mjomba,

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata Mama. Zile Jumamosi za likizo ulizomwambia kwamba unanipeleka kituoni kwenu, kwa askari wa wanyamapori, nikakusomee magazeti, hatukusoma gazeti lolote. Nilikuwa nikilala kifudifudi juu ya gunia nyuma ya stoo, jicho langu kwenye darubini ya bunduki yako, nikikuambia kama ule msalaba wa ndani umesimama sawa na uzi ulioning'inizwa mbele yetu. Kila mara ulitoa risasi zote kwanza, ukanionyesha chemba tupu, ukaniambia niichungulie mwenyewe. Hata hivyo Mama angejua kwamba msichana wake, ambaye hata mgeni akimuuliza jina hupotewa na sauti, ameshika bunduki ya serikali, angekufokea wewe mpaka Gachoka wasikie. Kwa hiyo nilinyamaza. Sasa nimechoka kunyamaza.

Nimekasirika, Mjomba. Nakuandikia kwa sababu sijui pengine pa kupeleka hasira hii.

Unakumbuka siku wageni walipoacha zawadi ya pimamaji mbili za kufunga juu ya darubini? Uliziweka mezani ukaniuliza, "Mwalimu, ungechukua ipi?" Uliniita Mwalimu kwa sababu ya vitabu vyangu. Nilichagua ile ya rangi ya kijani kwa sababu iling'aa. Ulicheka. Ukaniambia niiinamishe kidogo sana, nikaona kiputo cha hewa ndani yake hakikusogea, kisha ghafla kikakimbia hadi mwisho wa kioo. "Hii inalala kazini," ulisema. Ile nyeusi ilikuwa mbaya kwa sura, lakini kiputo chake kilijibu polepole hata mkono ukitikisika kidogo tu, pete yake ya chuma ilikumbatia darubini bila kulegea, na ulipoifunga ungeweza kuiona kwa jicho la kushoto bila kuinua shavu kwenye kitako cha bunduki. Ulisema pimamaji unayolazimika kuinua kichwa ili uione haina kazi, maana ukiinua kichwa umeshapoteza shabaha.

Kisha ukafunga jiwe kwenye uzi, ukauning'iniza kwenye tawi la mgunga mbali kidogo. Mimi nikatazama, wewe ukageuza darubini taratibu.

"Unaona nini, Mwalimu?"

"Uzi umelala juu ya mstari, Mjomba."

"Wote? Au juu tu?"

"Wote."

Hapo tu ndipo ulipokaza skrubu za pimamaji, kiputo kikiwa katikati. Ulisema kwa karibu mtu hawezi kuona tofauti, lakini ng'ambo ya ghuba ya bwawa la Kiambere bunduki iliyolala upande kidogo hupeleka risasi vidole vitatu pembeni, na mahali pa kumpiga mamba akafa papo hapo si pakubwa kuliko kiberiti.

Halafu figo zikakulaza hospitalini Nkubu. Nilikuwa nikija Jumapili kutoka shuleni, nakuletea ndizi, unampa mzee wa kitanda cha pili. Wakati huo Sajini, mkubwa wako, aliamua kusafisha bunduki. Aliifungua yote. Alipoirudisha hakutafuta uzi. Alilala pale mbele ya ofisi, akalinganisha msalaba na ukingo wa bwawa ng'ambo, akafunga pimamaji. Mwaniki, yule kijana uliyefanya naye kazi, alimuuliza kama hilo linatosha. Sajini akamjibu, "Kwani wewe unajua kitu kilicholala sawa kuliko maji?"

Wote wakaona ni akili.

Uliporudi, umekonda hata mkanda ulikuwa umeongezewa tundu, ulishika bunduki mara moja ukasema haikai vizuri. Mwaniki ameniambia. Sajini akasema, "Mzee, ni mwili wako haukai vizuri. Weka kiputo katikati, upige." Mamba uliyetumwa kumuua alikuwa ameshamjeruhi mwanamke aliyekuwa akichota maji. Ukaweka kiputo katikati. Ukapiga. Risasi ikaenda kushoto, ikamkwaruza, akazama. Siku chache baadaye akavuta ng'ombe mtamba wa Mama Muthoni mbele ya watoto wake.

Wakakunyang'anya bunduki. Wakasema macho yamekwisha.

Nilikuuliza kwa nini hukuwaonyesha uzi. Ulinijibu, "Wacha, Mwalimu. Afande ni afande." Nimekukasirikia wewe pia kwa jibu hilo. Ulinifundisha kuuliza kama ni wote au juu tu, kisha wewe mwenyewe hukuuliza. Najua ulikuwa mgonjwa. Najua. Lakini ulikufa ukiamini nini, Mjomba? Kwamba ni macho?

Siku ya mazishi Sajini alipewa nafasi ya kusema maneno machache. Akasema ulikuwa mtu wa watu. Akasema, "Hata mamba wa Kiambere wametuma rambirambi. Wamepoteza rafiki." Watu wakacheka. Walicheka, Mjomba, na jeneza lako liko pale, na mchungaji naye akatabasamu. Mama alitazama viatu vyake. Mimi nilikuwa nimeshika shada la maua, nikalikaza hadi waya ikanichoma.

Likizo hii Mwaniki amepewa bunduki yako. Ametumwa amalize mamba yule yule. Alikuja nyumbani akiwa na wasiwasi. Anasema kwenye mazoezi anapiga vizuri kwa karibu, akienda mbali zinakwenda kushoto, na wenzake wameanza kumwita jina lako. Ndiyo. Jina lako sasa ni la kumcheka anayekosa. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya choo mpaka nikapumua.

Jana nilikwenda kituoni. Nilisimama mbele ya ofisi pale Sajini alipolala, nikaangalia ng'ambo. Ukingo ule haukabiliani na kituo. Unakwenda mshazari, upande wa kulia uko mbali zaidi. Maji yamelala, ni kweli, lakini ukiwa umesimama juu, ukingo ulio mbali huonekana umeinuka kuliko ulio karibu, kama barabara tambarare inavyoonekana kupanda mbele yako. Kwa hiyo mstari anaouona mtu pale umepinda, na aliyeulinganisha nao msalaba ameilaza bunduki kushoto. Kiputo kinakaa katikati kwa utulivu kabisa, na kinasema uongo.

Nilikuwa na uzi mfukoni. Sikuwa na sauti. Mwaniki ndiye aliyesema, "Afande, huyu ni mpwa wa Mzee. Anaomba tuangalie kitu."

"Wewe msichana," Sajini akasema, "bunduki si hesabu za shuleni."

Nikafunga jiwe. Fundo la kwanza lililegea, nikafunga tena, nikauning'iniza uzi kwenye tawi la mti. Mwaniki akatoa risasi, akanionyesha chemba tupu bila kuambiwa, akaiweka bunduki juu ya magunia, kiputo katikati. Nikamwambia Sajini achungulie. Alichungulia akiwa anatabasamu. Akaondoa jicho. Akachungulia tena. Uzi ulikata ule mstari kama mkasi.

"Upepo," akasema.

Hakukuwa na upepo. Mwaniki akashika jiwe likatulia kabisa, akaliachia taratibu, likabaki pale pale. Sajini akainuka, akapangusa magoti. "Basi rekebisheni. Ni kitu kidogo."

Nikasikia sauti yangu ikisema, "Ulitaja mamba mbele ya jeneza, Afande. Hicho kitu kidogo nacho kitaje kesho kanisani."

Akasema ataona.

Mjomba, lala salama. Nitatunza uzi, na kila bunduki ya kituo kile itakayotoka kwa ajili ya mamba nitaomba ipite kwenye uzi huo kwanza, hata wakinicheka. Na sitakubali mtu mwingine aitwe jina lako kwa kukosa.

Naongeza haya leo Jumapili jioni. Sajini hakuja kanisani. Wakati wa matangazo, baada ya mchungaji kutaja mkutano wa akina mama, nilisimama. Mama alinivuta sketi, nikabaki nimesimama. Nilisema, "Mjomba wangu hakukosa mamba. Pimamaji ya bunduki yake ilifungwa ikiwa imepinda alipokuwa hospitalini, akaamriwa apige hivyo hivyo. Mwaniki yuko hapa, muulizeni." Mwaniki akasimama nyuma, akasema ni kweli. Hakuna aliyecheka. Nikaketi, nikafungua kitabu cha nyimbo, nikaimba ubeti wa wimbo ambao haukuwa umetajwa.

Mpwa wako,
Wanja