Kama Huyu, Ila Mdogo

Mansoura,
Jumapili baada ya adhuhuri

Kaka yangu mpenzi Rifaat,

Assalaam alaykum. Nakuombea barua hii ikufikie ukiwa mzima, mgongo wako umetulia, na joto la Kuwait limekuhurumia kidogo. Sisi huku hatujambo. Mama hajambo, sukari yake imeshuka tangu aache kuficha halua chini ya mto, ingawa yeye anasema aliyekuwa akimdhuru ni daktari, si halua. Radwa amerefuka hata nguo ulizomtumia hazikumaliza msimu. Anakusalimu sana.

Utajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Ustadhi Lutfi, jirani yetu wa chini, anarudi huko kesho kutwa na amekubali kunibebea barua. Lakini ukweli ni kwamba nina jambo refu, nawe kaka una mkono mwepesi wa kukata simu. Karatasi haikatiki. Basi kaa, mimina chai yako, unisome mpaka mwisho.

Tulikwenda Ras al-Barr kama kila mwaka, nyumba ileile karibu na barabara ya mto. Ufuko ulifurika kuliko unavyoukumbuka. Mwavuli umelaliana na mwavuli, na mchanga huuoni ila ule ulioingia kwenye mkate wako. Wauza freska, zile kaki nyembamba za asali, walipita na masanduku yao ya kioo begani, vijana walicheza mpira juu ya miguu ya watu, redio ya huyu ikibishana na redio ya yule. Mama alitaka kiti chake kiwekwe palepale maji yanapofika, miguu ndani ya povu, akitoa hukumu kwa kila apitaye: nguo ya huyu, tumbo la yule. Unamjua.

Asubuhi moja akanyamaza ghafla. Nilidhani ni sukari. Nikamuuliza kuna nini, akanielekeza kwa kidevu mstari wa nyuma yetu. Alikuwa Sabrin.

Najua jina hilo halijawahi kuandikwa katika barua zetu. Tangu Wagdi alipomwoa kwa siri, kisha akaniacha mimi, sote tumekuwa tukisema “yule”. Nilikuwa nimemwona mara moja tu, mahakamani. Sasa alikaa peke yake juu ya taulo, hana hata kiti, na mbele yake msichana mdogo alikuwa akichimba mchanga. Niliangalia huku na huku nikimtafuta Wagdi, sikumwona. Nikajiambia labda amekwenda kununua samaki.

Mama akaanza. Hakusema na Sabrin, alisema na bahari, ila kwa sauti ya kufika hata ng'ambo ya pili. “Wengine wakishaiba waume za watu wanakuja kuota jua bila haya. Hata jua lenyewe linawaonea aibu!” Nikamsihi, Mama, watu wanasikia. Akanijibu, “Na wasikie! Unadhani nimepaza sauti kwa sababu gani?” Sabrin aliinamisha kichwa, akakusanya taulo lake, akamshika mtoto mkono, wakahamia nyuma kabisa, kwenye mchanga unaounguza. Sitakudanganya kaka, moyo wangu ulipoa kidogo.

Aliyenisumbua ni Radwa. Hakuacha kuwafuata kwa macho. Aliniuliza kama yule ndiye Jumana. Anajua ana mdogo wake kwa baba, ila hawakuwahi kukutana. Baba mwenyewe humwona sikukuu, tena si kila sikukuu. Nikamwambia ndiye, na hatuna haja nao. Akasema, “Mimi sijasema nina haja, Mama. Nimeuliza tu.” Ulimi huo kaurithi kwako.

Alasiri yake bahari ilichafuka. Bendera nyekundu ikapandishwa, na Kapteni Shawqi, mwokoaji wa upande wetu, akapuliza filimbi mpaka mashavu yakataka kupasuka. Watu wakawa wanatoka majini wakinung'unika, kila mtu anaokota chake. Katika vurugu hiyo nikamsikia mwanamke akiita Jumana. Kwanza aliita kama mtu anayemwita mtoto aje kula. Kisha sauti ikabadilika. Sabrin alikuja mbio kutoka nyuma, akipenya kati ya miavuli, akikanyaga vyakula vya watu. Ukingoni mwa maji kulikuwa na boya la mtoto, lenye umbo la bata, likibiringika tupu. Alipoliona, akaanguka mchangani.

Sikumbuki nilivyosimama. Nilijikuta nimemshika kwapani, tunakokotana kwenda kwenye kiti kirefu cha Kapteni Shawqi. Kapteni alikwisha watosa vijana wake majini. Akachukua kipaza sauti, akamuuliza Sabrin mtoto yukoje, amevaa nini. Sabrin alifungua mdomo, hakikutoka kitu. Kapteni akamwambia, “Dada yangu, nisaidie nikusaidie. Hapa watoto ni wengi kama mchanga. Nitamtangaza vipi?”

Ndipo Radwa alipotokea. Sikujua kama alikuwa nyuma yetu. Akamwambia Kapteni, “Ni Jumana, ana miaka minne, anafanana na mimi. Mimi ni dada yake.” Kabla sijamzuia akapanda ngazi ya kile kiti, akasimama juu mbele ya ufuko mzima, akavua kofia na kuzirudisha nywele nyuma ili uso uonekane vizuri. Mtoto ambaye akiulizwa swali darasani anataka ardhi immeze!

Kapteni alimtazama, akaelewa. Akapaza sauti: “Jamani, watu wa heri! Mtoto wa kike amepotea, Jumana, wa miaka minne! Mtazameni huyu hapa juu! Kama huyu, ila mdogo! Nyusi hizi, kidevu hiki! Kama huyu, ila mdogo!”

Kaka, mpaka saa ile sikuwa nimemtazama yule mtoto usoni. Nilikuwa nimekataa kumtazama. Nikainua macho nikamwona mwanangu kule juu, upepo unampiga, halafu nikayageukia maji.

Redio zilizimwa, hii, halafu ile, mpaka tukabaki na mawimbi tu. Wanaume wakashikana mikono wakaingia mpaka vifuani, wakipapasa chini kwa nyayo. Wauza freska waliyatua masanduku yao wakatawanyika. Na Mama, ambaye tangu kupasuliwa goti hainuki bila kuegemea mtu, aliinuka. Akaenda mwavuli kwa mwavuli, anafunua mataulo, anachungulia chini ya viti, anawagombeza watu: “Mmekaa mnangoja nini? Hamkusikia? Mtoto wetu amepotea!” Nilimsikia kwa masikio yangu. Alisema wetu.

Mtoto alipatikana mbali, upande wa mawe. Kulikuwa na ukoo mzima kutoka Zagazig, wamefunga mashuka juu ya miavuli yao kama wanaofanya harusi, watoto hawana idadi. Mama mmoja wa kwao, mwenye mwili na sauti kubwa, alikuja na Jumana kiunoni. Mtoto ameshika hindi la kuchoma, ana masizi mpaka masikioni. Yule mama akajitetea kabla hajaulizwa: “Wallahi nilidhani ni wa shemeji yangu! Yule anazaa kila mwaka, nani atawajua wote? Nimemlisha, nimemnawisha, na nimempiga kikofi kwa kumwagia mume wangu chai. Nisameheni jamani!” Ufuko wote ukacheka, wengine huku wakifuta machozi. Sabrin hakucheka. Alimpokea mtoto, akaketi naye palepale mchangani, akawa anamnusa kichwa.

Hakuwa na hali ya kutembea. Nikamwambia ampigie mumewe aje awachukue. Nilishaanza kuitafuta mikoba yetu, maana sikutaka Wagdi anikute pale. Akanitazama akasema, “Nimpigie nani, dada? Kaniacha.”

Wagdi aliwatanguliza Ras al-Barr, akisema atawafuata mwisho wa wiki. Badala yake ulikuja ujumbe kwenye simu, mistari michache. Nyumba ya kupanga waliyokuwa wakiishi alikwisha irudisha kwa mwenyewe, na Aleksandria kuna mwanamke mwingine. Sabrin alibaki pale ufukweni kwa kuwa chumba cha hapo kilikuwa kimelipiwa, na hakujua pa kwenda. Alipompigia baba yake Damanhur, mzee alimwambia kwamba aliyechukua mume wa mtu asimletee kilio cha kuachwa. Aliyasema haya bila kutafuta huruma. Akaongeza tu kwamba Wagdi alipokwenda kumposa alidai mimi na yeye tulikwisha achana, tunaishi nyumba moja kwa ajili ya Radwa. “Siku ile mahakamani nilipokuona ndipo nilipojua,” akasema, “na mimi tayari ni mke, na tumbo ndilo hilo.”

Niliitafuta hasira yangu, ile niliyoilea miaka yote hii. Niliikuta ipo, nzima kabisa. Lakini haikuwa ya kwake.

Sasa nimefika pale nilipokuwa nakuogopa. Sabrin na Jumana wako hapa nyumbani. Wanalala chumbani kwako. Nyumba hii ni yako kama ilivyo yangu, nami sikukuuliza, kwa sababu ungekataa na ningekutii, na safari hii sikutaka kutii. Uliapa kwamba mtu wa Wagdi hatavuka kizingiti chetu. Kiapo hicho kilinisimamisha wakati nimeanguka, sijasahau. Lakini kaka, hawa si watu wa Wagdi tena. Hawa walikuwa hawana mtu.

Mama alisema mwisho Ijumaa. Ijumaa ikapita, akasema mpaka huyo msichana apate kazi. Sabrin amepata, anashona mapazia kwenye duka la karibu na stesheni, na sasa Mama anasema mpaka mtoto aanze shule. Bado hamwiti kwa jina. Lakini jana niliwakuta jikoni, Mama anamwonyesha jinsi ya kukatakata majani ya molokhia, mimi binti yake ambaye hajawahi kuniachia kisu akisema mkono wangu mzito. Nikauliza, “Na mimi je?” Akanijibu, “Wewe nimeshakata tamaa.” Radwa naye halali tena kwangu. Kila asubuhi namkuta ukingoni mwa kitanda chako, miguu ya mdogo wake imemkaa shingoni, na hataki nimhamishe.

Siombi uniambie umefurahi. Kasirika kwanza, ni haki yako, kisha ukitulia upige simu. Nakupa tahadhari tu: siku hizi simu ya nyumba anaikimbilia Jumana, na hakuna anayemuwahi. Atakuuliza wewe nani, na utamletea nini. Radwa amekwisha mfundisha watu wote wa nyumba hii, walio hapa na walio mbali, kwa hiyo ukitaja jina lako atajua. Akikuita mjomba, nakuomba usimsahihishe.

Mama anakusalimu na anakutaka ule vizuri, uache kulala na feni usoni. Radwa anakubusu mikono. Yupo na mwingine anayekusalimu, ila amenikataza kuandika jina lake mpaka wewe mwenyewe umuulizie.

Mungu akulinde ugenini na akurudishe kwetu salama.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Itimad