Kamba ya Mbuzi na Prime ya Leta

Mugodini, Walikale

Kaka Laurenti,

Nakusalimu kwanza, juu Mama alitufundisha salamu itangulie mbele ya ugomvi. Muko namna gani kule mulimani? Mama anakohoa bado? Na muguu wako, ule ulikuzuia kulima mwaka muzima? Nasikia ulipona siku ile ya kwenda kupokea prime, ile zawadi ya walimaji. Nimefurahi.

Mimi niko muzima. Mvua ya pori hili haijui kupumzika, tunachimba mawe ndani ya maji mpaka kiunoni, lakini unanijua. Nimekuwa muntu mukubwa. Muzungu wa mugodi akitaka kusema na wachimbaji, ananiita mimi, juu ya Kifaransa changu cha darasa la tatu. Wenzangu wananiita Avoka, mutetezi wao. Basi sikia avoka anavyosema.

Juzi Musafiri, ndugu ya muke wangu Veronika, alifika hapa kuuza chumvi, akitoka kwenu. Alikula sahani yangu yote, halafu akanipa habari: Leta, serikali ya Wazungu, imelipa prime kwa wenye kuchimba mifereji ya kuzuia udongo. Franga, majembe mawili na blanketi. Shamba langu njo limekuwa la kwanza kwa mulima wote. Nikaanza kujisifu kambi nzima. Musafiri akanivuta shati.

"Shemeji, ikaa chini. Jina waliloita haiko lako. Haiko la Veronika pia. Wameita Laurenti."

Kaka, mifereji ile nani aliichimba? Veronika, na mutoto kwa mugongo, jembe limebaki kama kijiko. Wewe ulikuwa unapita njiani na fimbo yako: "Pole, shemeji."

Nikauliza kapita, musimamizi wa mashamba, aliandika vile juu ya nini. Musafiri akasema kapita aliuliza kwa mwami wa udongo, anayepokea mbuzi kila mwaka kwa mwenye shamba: mbuzi ya shamba hili nani aliileta? Wakajibu Laurenti, akaandika Laurenti. Ni kweli uliileta. Nilikuachia kazi ile juu niko mbali, na kwetu mwanamuke hashiki kamba ya mbuzi ya mwami. Lakini mbuzi niliinunua mimi, kwa mushahara wa maji haya. Wewe ulishika kamba, asubuhi moja tu. Sasa njo umekuwa mwenye shamba.

Kapita hajui, namusamehe. Wewe ulijua. Waliposoma jina lako mbele ya bantu wote, ulikuwa na kinywa. Ulikitumia kwa kusema merci.

Veronika amemutuma Musafiri na maneno haya: "Nilichimba juu watoto wapate kujifunika. Kama hawanijui kwa udongo huu, nitarudi kwetu Ntoto mbele ya kupanda maharagi." Kaka, akienda na watoto, mimi nachimba huku juu ya nani?

Na wewe ufikiri kidogo. Mukubwa wa mashamba atarudi mvua ikiisha, kuangalia mifereji. Akiikuta imejaa matope, ataita jina lililo kwa kitabu chake, na siku ile hataleta blanketi. Unajua gereza la Leta. Mimi sitakuja kukutetea kwa Kifaransa.

Fanya hivi. Majembe na blanketi, peleka kwa Veronika muchana, bantu waone. Franga najua umekwisha kuzinywa. Utazilipa kwa muguu wako uliopona: ingia ndani ya mifereji, utoe matope. Halafu nenda naye kwa kapita, useme jina lake wewe mwenyewe.

Musafiri anarudi kwenu kesho na barua hii, na mbuzi mweusi, munono kupita wewe. Njo mbuzi wa mwaka huu. Kamba ataishika Veronika mpaka kwa mwami. Wakiuliza tangu lini mwanamuke anashika kamba, uwaambie tangu kaka mukubwa aliposhindwa kuishika kwa haki. Wewe utamufuata nyuma, na pombe ya mwami kwa kichwa.

Unisalimie Mama, na shangazi aliyetulea, na Pascali wangu. Umwambie baba yake hajamusahau. Veronika usimusalimie. Umusaidie.

Mudogo wako, anayekupenda bado,
Gaspari