Majibu Niliyokusahihishia

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na wapwa wangu wawili. Natumaini mgongo wako umepata nafuu. Mimi mwili ni mzima, ila usingizi umenikimbia.

Furushi la madaftari nimelipokea. Umeniambia niyagawe kwa mtu mwenye kichwa chepesi, kwa kuwa chako ni kizito. Umesema pia kwamba tangu Jumatatu wamekutoa wodini, ulikokuwa msaidizi wa wauguzi, wakakupeleka kufua mashuka, na wenzako waliofaulu wanapita mlangoni wamekumbatia vitabu vya ukunga. Ukamalizia kwamba humlaumu mtu. Nilisoma nimesimama, nikakosa pa kukaa.

Usidhani nilibweteka. Nilikwenda ofisi ya mitihani. Karani alinisikiliza huku akigonga mihuri, akaniambia kwa upole kabisa kwamba anayeshindwa Kiingereza mara tatu hufutwa kwenye orodha ya wanaosubiri kusomea ukunga, na jina halirudi tena. Nikaomba kumwona mkubwa wake. Akasema mkubwa wake ndiye aliyeitunga kanuni. Basi hapo pamefungwa, na sitakupa moyo wa uongo.

Sasa nikueleze habari zangu. Nyumbani mnaniita Profesa, nami sijawahi kukataa. Mnajua niko kiwanda cha uchapaji, nikawaacha mdhani nasahihisha maandishi. Kazi yangu ni kukata karatasi. Nasukuma rundo chini ya kisu, nakanyaga pedali, navuta rundo jingine, na jioni narudi na vumbi la karatasi puani. Kiingereza changu nimekitoa kwenye kamusi moja isiyo na jalada, na kingine kwenye majivuno.

Mara ya kwanza ulifanya mtihani peke yako, ukakosa alama mbili tu. Ndipo nikajitia kimbelembele, nikataka unitumie mazoezi nikusahihishie. Unayajua yalivyo: sentensi ina pengo, chini yake maneno manne, uchague linalofaa. Kidonda kikisafishwa vizuri, kitafanya nini baada ya wiki? Wewe ulichagua “heal”, yaani kupona, ukaandika pembeni kwa penseli kwamba kidonda hujifunga chenyewe, umeviona vingi. Mimi nikafungua kamusi, nikakuta “cure” ni kuponya, nikaona hilo ndilo lenye uzito. Nikakata jibu lako kwa wino mwekundu na kukuandikia kwamba unakurupuka. Mara ya pili ukakosa alama tisa. Nikakukaripia kurasa mbili nzima, eti husikii unachofundishwa. Mara ya tatu ukakosa kumi na sita. Kumbe ulikuwa unasikia mno.

Mdogo wangu, wewe ndiye uliyekuwa sahihi. Kiwandani tulichapa kijitabu cha mazoezi yale yale, chenye majibu sahihi mwishoni. Madaftari yako yalipofika niliyalinganisha nacho ukurasa kwa ukurasa, chakula changu kikapoa. Majibu yako niliyoyakata ni mia moja na kumi na manne. Tisini na moja yalikuwa sahihi. Wewe ulikuwa ukiisoma sentensi yote, ukimwona mgonjwa mwenyewe na kidonda chake, ndipo unachagua. Mimi nilikuwa nikilitazama neno peke yake.

Hadi hapo ungeweza kusema kaka hakujua. Nilijua. Kijitabu kile kilipita kwenye mashine yangu wiki tano kabla ya mtihani wako wa tatu. Siku hiyo daftari lako moja lilikuwa mkobani mwangu. Nililinganisha kurasa tatu, nikaona nimekupotosha. Ilitosha nikuandikie mstari mmoja: achana na yangu, fuata yako. Niliona haya, mdogo wangu. Niliona haya kwamba utanicheka na shemeji atajua. Nikakurudishia daftari lile na wino wangu ndani yake, nikakutakia heri, nawe ukalikariri.

Nisalimie shemeji, na watoto uwabusu. Barua hii waweza kumsomea yeyote. Usiponijibu nitaelewa, na ukinijibu kwa matusi nitayapokea yote.

Ni mimi, kaka yako.