Neno la Kutoka Kinywani mwa Mama Mkwe

Uvira, Kasenga
Tarehe 8 Septemba 2023

Mpendwa mjukuu wangu Vanessa,

Kabla ya salamu nitakukaripia, ili salamu zije wakati moyo umekwisha kutulia. Nani alikutuma uiombe telefone ikutungie wimbo wa harusi, na minye bibi yako niko hai, na sauti yangu bado inavuka barabara? Noella, mwalimu wetu wa hapa nyumbani, alinisomea huo wimbo. Mistari kumi na sita, na hata mmoja haukujui. Unasema mambo ya nyota na maua. Weye na maua mlijuana wapi? Weye ulikulia kwenye ndagala, samaki wadogo wa ziwa letu. Nimemwambia aufute, na ameufuta.

Sasa hujambo, mama? Koo limepona? Unakula? Kwenye picha shingo imekuwa nyembamba, na usiniambie kwamba ndiyo mtindo wa huko ng'ambo, Adelaide. Shangazi yako Aline naye hajambo? Mwambie nimeota anapika majani ya sombe bila kuyatwanga vizuri. Ajichunguze.

Huku tuko wazima. Mguu wa kushoto unaniuma mvua ikitaka kunyesha, kwa hiyo majirani wananiuliza mimi kabla ya kuanika nguo. Baba yako Cyprien amepaka nyumba rangi, lakini upande wa barabara tu. Wa nyuma anasema hakuna mgeni anayeupita. Samaki wa mikeke wamepatikana sana juma hili, hata paka amechoka nao.

Turudi kwenye wimbo. Ulimwandikia Noella kwamba bibi anajisumbua bure, wageni wenyewe hawajui Kiswahili. Basi sikia, kwa sababu naona ulikwenda ng'ambo kabla ya kufundishwa.

Katika ukoo wetu bibi arusi anaimbiwa na bibi yake. Na wimbo una mahali unapokatika. Mwimbaji ananyamaza kabla ya neno la mwisho, makofi yanaendelea, na mama mkwe ndiye anayelitoa neno lile mwenyewe, kwa sauti, mbele ya watu wote: mtoto wangu. Akishalitoa, limetoka. Siku akitaka kukudharau, watu wote pale ni mashahidi.

Jambo hili sijakusimulia bado. Siku ya harusi yangu, kule Luvungi, bibi yangu alikuwa mgonjwa, akaimba shangazi mmoja asiyejua kazi. Mstari wake wa kwanza uliishia sauti moja, wa pili sauti nyingine, na hakuna aliyeweza kujua ni neno gani linakuja. Mama mkwe wangu akapata njia ya kuponyoka. Akafunga upya kitambaa chake cha kichwa, akatazama chini, makofi yakafa. Miaka kumi na mmoja aliniita "yule". Yule alete maji. Yule amekwisha kupika? Aliniita mtoto siku nilipokuwa namwosha, hawezi tena kukaa mwenyewe. Sikumchukia. Lakini miaka kumi na mmoja ni mingi.

Ndiyo sababu mwisho wa mistari lazima ulingane. Watu wanadhani ni urembo. Mstari wa kwanza unaweka sauti katika sikio la mtu, wa pili unairudia, na ukifika wa tatu kinywa chake kimekwisha kufunguka, apende asipende.

Na weye uliandika, kati ya habari nyingine, kama vile si kitu, kwamba mama wa mchumba wako bado anakuita "rafiki wa mwanangu", hata baada ya pete. Noella alipita hapo haraka. Nikamwambia arudie.

Basi nikamuuliza, mtoto wa kike kwa Kiingereza wanasemaje? Akasema dota. Ninaliandika vile sikio langu linavyolisikia. Noella alitaka kunisahihisha, nikamwambia kalamu ni yangu. Akauliza telefone ni maneno gani yanaishia kama hilo. Kumbe telefone, ambayo kutunga haijui, kutafuta inajua. Ikaleta mafungu mawili: yanayolingana kabisa, na yanayokaribiana tu. Tukakaa siku tatu mkekani tukiyachambua pamoja na sombe.

Yanayolingana kabisa hayakuwa mengi. Kulikuwa na slota, ambalo ni kuchinja. Noella aliona haya. Nikamuuliza, ni harusi gani inayofanywa bila mbuzi kuchinjwa? Lakini nikafikiri kwamba huko mnanunua nyama ikiwa tayari ndani ya plastiki, yule mama atashtuka, na mtu akishtuka anafunga kinywa. Nikaliacha. Kulikuwa na kwota, yaani robo. Robo ya nini? Weye si sukari. Kulikuwa na pota, mbeba mizigo. Hilo sikutaka hata lirudiwe humu nyumbani, lisije likawafikia wakwe zako.

Noella mwenyewe, pamoja na diploma yake ya kufundisha Kiingereza, aliniletea lafta, kicheko, kwa sababu kwenye karatasi mkia wake unafanana na wa dota. Nikamwambia ayaseme yote mawili kwa sauti. Akayasema, akalifuta bila kunitazama. Baba yako akapiga kelele kutoka mlangoni kwamba tutie dokta, ili watu wa huko wafikiri umesomea udaktari. Tukamrudisha kwenye rangi yake.

Katika yale ya kukaribiana minye nilipenda boda, yaani mpaka. Nililipenda kwa sababu ya siku ile ya mpakani Kavimvira, una miaka minne, umeshika kidole changu kimoja tu kwa vile vingine vilishika mzigo, tukavuka. Niliimba boda siku nzima. Nikaona wimbo umekwisha.

Jumamosi Noella akaleta wanafunzi wake sita wa kike wanaojua Kiingereza kidogo. Nikaimba, nikanyamaza kwenye neno. Wawili wakasema dota, mmoja akasema oda, mmoja akasema moto, wawili wakatazama dari. Niliumia, lakini waliniambia kweli. Neno la kukaribiana linamfungulia mtu njia tatu, na mama mkwe asiyetaka atachukua ile inayotoka nje.

Ndipo nikatia wota, maji. Hilo lilikuwa kwenye fungu la kwanza tangu mwanzo, nililidharau kwa sababu ni la kila siku. Nikaimba tena. Wasichana wote sita walilitoa dota kabla sijapumua, na mwanamke aliyekuwa anapita njiani na beseni la samaki akalitoa pia, na hajui ni kitu gani. Noella alicheka mpaka akaegemea ukuta. Minye sikucheka, lakini nilimnunulia yule mwanamke samaki wake wote.

Boda sikuitupa. Iko mwanzo, inafungua sikio. Maji yanafuata. Wimbo uko hivi:

Tulimshika mkono, tukavuka boda,
Alipolia kwa kiu, tukamnywesha wota,
Leo yuko mbele yako, mama, mwite…

Hapo ninanyamaza. Mchumba wako amweleze mama yake maana ya mistari hii, yote. Simtegi mtu kwa lugha asiyoijua. Lakini neno la mwisho asimtajie. Hilo alitafute mwenyewe, na sikio litamsaidia.

Kwa kuwa ubalozi hautoi viza kwa mguu wa kushoto, nimeimba ndani ya telefone ya Noella, na Aline ataweka sauti yangu kwenye spika za ukumbi. Makofi nimeyaacha yaendelee muda mrefu, peke yake, mpaka Noella akadhani nimesahau na kunyoosha mkono kuizima. Nikampiga mkono. Baada ya makofi nimesema: "Asante, mama. Nimekusikia." Basi. Sikurekodi kitu kingine cha kutumia kama atanyamaza.

Baba yako anakusalimu, Noella anakusalimu, na wale wasichana sita wanataka picha za gauni. Nisalimie Aline, na mchumba wako ambaye meno yake yananipendeza. Mungu aliyekuvusha ukiwa mdogo akuketishe sasa mahali unapoitwa kwa jina zuri.

Sasa shika hili. Makofi yakiwa yanaendelea utaona aibu, utataka kumsaidia, ulitamke weye au umsukume mchumba wako alitamke. Usithubutu. Aline asiguse mashine, na mtu asiikate. Simama mbele ya mama mkwe wako, mtazame usoni, ufunge kinywa chako mpaka yeye afungue chake.

Bibi yako, ambaye hajakutoa moyoni hata siku moja,
Apolline