Kamba za Kitanda Chako

Baba,

Kitanda chako hakipo tena. Nakuambia hilo kwanza, usije ukalisikia kwa mwingine huko uliko. Nilikifungua mwenyewe, kamba moja moja, kwa mikono hii uliyoifundisha kazi.

Matanga yalikuwa hayajaisha Baba mudogo alipotuma neno kutoka Komanda: "Siku ya posho nakuya Bunia kubeba kitanda ya ndugu yangu." Maana yake unaijua. Katika ukoo wetu, anayebeba kitanda cha marehemu amemchukua na mjane. Mama alisikia, akaendelea kuchambua maharage. Tangu tukuzike hakuwa amesema neno. Mimi niliogopa, kisha nikakasirika kwa sababu naogopa.

Nikakumbuka ulivyonichokoza utotoni, mimi nimeshika ncha ya kamba ya ngozi ya ng'ombe, wewe unavuta: "Unajua sababu gani banaita kitanda? Sababu ya kutanda kamba. Bila kamba, hii iko miti tu." Nilidhani ni majivuno ya fundi. Unisamehe.

Jumamosi asubuhi, ndiyo hiyo siku ya posho, nikaanza kufungua. Fundo la kwanza lilikuwa gumu, ulilikaza kama mtu asiyepanga kufa. Nikalia palepale. Mchana lori likasimama. Baba mudogo akaingia na wazee wawili, suti mpya ya abakost mwilini, akaona miti imeegemezwa ukutani. "Kitanda iko wapi?" Nikamjibu maneno yako. Akainua mkono. Nilifumba macho, Baba, nakiri.

Ndipo Mama akasimama, kamba mikononi.

"Shemeji, miti ubebe. Kamba tulikata siye wawili, mimi na bwana yangu. Haitoke hapa."

Wazee wakatazamana. Mmoja akasema, "Mwanamuke amesema." Baba mudogo akabeba miti yake, hata chai hakunywa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, naye hakupata hata kunguni mmoja.

Mama analala kwenye mkeka, kamba zako chini ya kichwa. Nitachonga miti mingine. Siku akiniambia, nitamtandia, nikaze kwa fundo lako. Asiponiambia, kamba ni zake, na hakuna atakayezigusa nikiwa hai.

Lala salama, Baba. Jana Mama alikoroma, mikoromo ileile uliyokuwa ukiilalamikia. Nilikaa macho kuisikiliza.

Binti yako