Mbwembwe za Kitenge Kilichoungua

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada, na kwa masikitiko makubwa nautangazia mkoa mzima wa Simiyu kwamba Alhamisi iliyopita, saa tano asubuhi, hapa Somanda, niliunguza kitenge cha mke wangu kwa pasi ya mkaa. Ilikuwa sare yake ya kwaya ya tamasha la mwezi huu, na yeye ndiye anaongoza sauti ya kwanza, akaliangalia lile tundu akanyamaza, basi mimi kunyamaza kule sikukuweza, nikajitupa chini nikagaragara mpaka kuku wakahama uani na majirani wakaja kunipa pole, nikasusa kula siku mbili, nikamwita balozi wa nyumba kumi nikamwambia atukamate wote wawili, mimi na pasi, ndipo Milembe mke wangu akasema, "Baba Josia, acha mbwembwe," akabeba begi akaenda kwao Migato. Nikamfuata na bodaboda tatu na spika, nimevaa suti, nikatangaza "mwangaluka", salamu yetu Wasukuma ya asubuhi, kuanzia barabarani, nikapiga magoti mbele ya mama mkwe, mama wa watu akakimbilia kwenye mahindi akakaa humo mpaka jioni. Shemeji yangu Malimi akaniambia, "Shemeji, we nenda tu, mbwembwe zako zimetutosha." Sasa mshauri, kwa wacheza ngoma neno hili ni sifa, mbona kwangu limekuwa tusi? Nidai walifute mbele ya wazee? Mke sina, na tamasha ni Jumapili ijayo.

Kasmiri, Somanda

Kasmiri,

Pole kwa kuachwa. Pole kubwa zaidi nampa mama mkwe wako. Umezaliwa Usukumani, unajua mkwe hasogelewi hivyo, ukaenda kumpigia magoti na spika juu.

Neno hilo si tusi. Mcheza ngoma anasifiwa mbwembwe kwa sababu kwanza anacheza. Mwondolee madoido yote, ngoma bado ipo. Wewe tukikuondolea, anabaki mtu na pasi. Kitenge kilichoungua ni cha Milembe, lakini majirani walikuja kukupa pole wewe.

Wazee waache wapumzike. Tafuta kitenge cha rangi ileile leo hii, fundi apate muda wa kushona. Panda bodaboda moja, vaa shati la kawaida, mpe Malimi apeleke ndani, wewe subiri barabarani. Milembe akitoka, sema kwa kifupi. Akinyamaza, nyamaza na wewe.

Barua yako ina kurasa mbili, nimezisoma mara mbili. Neno "samahani" halimo.