Ujumbe Aliousambaza Damalie

Getrude, ule ujumbe wa Veneranda ukifika kwenu Vällingby, usiusambaze. Nisikilize kwanza.

Damalie, yule Mganda wa Hagsätra anayetulelea watoto tukiwa kazini, aliusoma huku akiwalisha uji. Veneranda aliandika hivi: "Simtaji mtu. Nauliza tu, kama mama. Nani kati yetu anajua mwanawe anafanywa nini mlango ukishafungwa? Mwanamke anayewachekea sana watoto wa wenzake anaficha nini?"

"Simtaji mtu," anasema. Kweli, hakuna jina wala tusi, ila sote tukajua ni Damalie. Sote isipokuwa Damalie.

Maskini akashikwa na hofu. Akajibu, "Amina, tuwalinde watoto wetu," akautuma hadi kwa akina mama wa Skärholmen. Kwa mkono wake mwenyewe, Getrude.

Jumatatu hakuletewa mtoto hata mmoja. Akampigia Veneranda. "Dada, kwani huyo mwanamke ni nani?"

Veneranda akacheka. "Kwako hakuna kioo?"

Na kosa la Damalie unalijua? Pearl, mtoto wa Veneranda, aligoma kurudi nyumbani, akaing'ang'ania sketi ya Damalie mbele za watu akimwita mama. Ni hilo tu.

Jana nimemkuta bado kapika uji wa watoto wote, kakaa anausoma tena. Nikamwambia aufute.

"Mama Humphrey, umeandikwa vizuri," akasema. "Hata mimi nikiusoma namwogopa huyo mwanamke."

Usiusome mara mbili, Getrude. Mimi najua ni uongo, na Humphrey sijamrudisha kwake.